Kurasa Nane za Kifaranga

Mama Pacha, msusi wa mlango wa tatu, anasema aliona kwa macho yake mawili na hakuna wa kumtoa hapo. Anasema alikuwa anachota maji bombani, ndoo haijafika hata nusu, akahisi kutazamwa. Kuinua uso, nani kama si Mwalimu wa Juu, yule mama wa ghorofani, kasimama kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika reli na wa pili una penseli. Akamtazama. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akaandika kitu kwenye kijidaftari. Akamtazama tena, safari hii shingoni, akaandika tena.

"Shingoni, mwenzangu! Nikajua tu, huyu mama ananipima kama fundi nguo."

Wiki chache baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, wanawe pacha walirudi kutoka kusomewa hadithi kule ngazini wakaanza kumzunguka wakilia kama bata mzinga. Alipowabana mmoja mmoja wakakiri kwamba Mwalimu ametunga kitabu cha ndege, na humo ndani mna bata mzinga anayejua habari za kila tundu, na shingo yake hutikisika kila akifungua mdomo.

"Sasa niambie," alisema Mama Pacha, shingo ikitikisika, "humu uani nani mwingine mwenye shingo?"

Aliyekuwa anaambiwa haya hakuwa na pa kukimbilia, maana kichwa chake kilikuwa mikononi mwa msusi, nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Huyu ni dada wa mlango wa tano, ambaye kazini walimwita Taratibu, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alikuwa mkunjaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Shule aliiacha alipomaliza msingi, lakini kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliisoma. Alishasoma vitabu vya kilimo, sala za madhehebu matatu, na maelekezo ya pampu ya maji kwa ukamilifu.

"Si wewe uko huko huko kunakotengenezwa vitabu?" Mama Pacha akamvuta nywele kidogo. "Niangalizie. Kama ni mimi, nataka kujua. Na kama ni mimi, nitapanda zile ngazi."

"Nitakuangalizia, dada. Ila usinivute."

Ukweli ni kwamba Taratibu alitaka kujua kuliko hata mwenye shingo. Jambo lenyewe lilimshika. Mtu anawezaje kumchukua jirani yake, akamvika manyoya, na watoto wa miaka saba wakamtambua kwa mlio tu?

Jumatatu karatasi zikaletwa mezani kwake. Kitabu kilikuwa kidogo, kurasa kumi na sita tu, zote kwenye karatasi moja kubwa: nane upande huu, nane upande ule. Asiyejua kazi akiitazama karatasi hiyo kabla haijakunjwa atadhani mchapaji alikuwa amelewa. Kurasa nyingine zimesimama, nyingine ziko kichwa chini, wa nne umekaa na wa kumi na tatu, wa kumi na sita unasuguana na wa kwanza. Ukikunja mara tatu, kila mkunjo ukiubana kwa kijiti bapa, kurasa zinajipanga zenyewe kama watoto waliosikia kengele.

Juu ya jalada, lililochapwa peke yake, paliandikwa: *Kuku Aliyekwenda Kuhesabu Mawingu*.

Alikunja ya kwanza akaisoma. Akakunja ya pili, akaisoma tena. Kufika ya tano mikono ilikuwa imesimama.

"Taratibu leo umekuwa Simama," alisema Bwana Pini kutoka kwenye mashine yake ya kubana vitabu. "Nakungoja mpaka pini zinaota kutu."

"Nakuja, kaka."

Bata mzinga alikuwamo kweli, na shingo ilikuwa ile ile. Lakini hakuwa yeye aliyemsimamisha. Hadithi ilikuwa ya kuku mwekundu aliyeishi na kifaranga wake mmoja na njiwa fulani mpole. Siku moja kuku alikuwa anakimbia kuwahi nyumbani, akakanyaga mayai ya ndege mwingine, na badala ya kusimama akaongeza mbio. Ndege wote wakakaa kikao. Kuku akafungiwa katika tundu la mbali mpaka mvua tatu zipite. Njiwa akabaki na kifaranga, na kifaranga alipouliza mama yuko wapi, njiwa akajibu: "Amekwenda kuhesabu mawingu. Akimaliza atarudi."

Taratibu alikaa kwenye kigoda akainuka tena.

Dada yake alikuwa dereva wa lori. Mwaka mmoja na nusu uliopita alimgonga mwendesha baiskeli asubuhi kweupe, akaogopa, akakanyaga mafuta badala ya breki. Yule mtu alipona lakini mguu haukupona. Dada akahukumiwa miaka mitatu. Mtoto wake wa pekee, anayeitwa Kijino tangu meno ya mbele yalipodondoka, akabaki na mama yake mdogo. Na mtoto alipouliza, mama mdogo akajibu: "Mama yuko safari ndefu na lori. Akimaliza atarudi." Ua zima lilijua, na ua zima lilikubaliana kunyamaza. Hata Mama Pacha alijitahidi, ingawa ilimgharimu.

Sasa ikawa si habari ya shingo tena. Karatasi ya maagizo iliyobandikwa ukutani ilisema wazi: vitabu vyote viwe tayari Alhamisi, Ijumaa viingie shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda, darasa la kwanza na la pili, visomwe kwa sauti. Kijino alikuwa darasa la pili. Mtoto angekaa kwenye dawati lake, katikati ya wenzake arobaini, asomewe habari za mama yake.

Alipokuwa anaondoka, alipita kwa Bwana Pini.

"Kaka, vitabu vya darasa zima vikikunjwa vibaya, watavirudisha?"

Bwana Pini alimtazama juu ya miwani. "Wewe? Mwaka wa nne hujaharibu hata kimoja. Ukiharibu hivi nitajua umependa mtu."

Akacheka naye, akatoka, na wazo lile akaliacha pale mlangoni. Angeharibu vipi kazi ya mikono yake mwenyewe?

Nyumbani alimkuta Kijino amelala kifudifudi sakafuni, miguu hewani, karatasi kubwa imetandazwa mbele yake kama mkeka. Taratibu aliona picha ya kuku mwekundu kabla hajavua viatu.

Kosa lilikuwa lake. Pale kiwandani ilikuwa ruhusa kubeba karatasi za majaribio, zile zinazochapwa mwanzo wakati wino haujatulia. Huchapwa upande mmoja tu, na upande wa pili unabaki mweupe. Kila mwenye mtoto alizibeba za kuchorea. Wiki iliyopita alibeba fungu zima bila kulifungua, akalitupa juu ya kabati, na Kijino akalishusha mwenyewe. Mtoto ambaye Taratibu alikuwa anamtafutia njia ya kumwepusha na hadithi alikuwa nayo tayari, siku ya sita sasa.

"Unafanya nini, mama?" aliuliza, na sauti akaipunguza iwe ya kawaida.

"Nasoma."

"Si imechanganyika hiyo? Haijakunjwa."

"Haijachanganyika." Kijino alimtazama kwa kumhurumia. "Unaanzia hapa, unakwenda hivi. Ukifika mwisho unazunguka wewe, unakaa upande ule. Zile za kichwa chini zinakuwa sawa."

Taratibu alichuchumaa. Mtoto alikuwa anasoma kama yeyote asiyejua kazi ya mkunjaji angesoma: kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya chini, kisha anahamia upande wa pili na kusoma safu ya juu. Wa nne, wa kumi na tatu, wa kumi na sita, wa kwanza. Halafu wa nane, wa tisa, wa kumi na mbili, wa tano. Kurasa nane tu. Nane nyingine, pamoja na kikao cha ndege na bata mzinga na shingo yake, zilikuwa upande ambao haukuchapwa.

"Hebu nihadithie," alisema.

Kijino akaweka kidole. "Hapa njiwa anamwambia kifaranga mama amekwenda kuhesabu mawingu. Sawa? Hapa kifaranga anakwenda kwenye tundu lenye waya, anaona bawa jekundu. Kwa hiyo anajua. Hapa wanahesabu mawingu wote wawili, mmoja ndani mmoja nje. Halafu hapa anarudi nyumbani, wanaishi yeye na njiwa, wanakula." Akanyanyuka, akazunguka, akalala upande wa pili. "Hapa njiwa anamngoja aulize, yeye anasema, 'Leo sina swali.' Unajua kwa nini hana swali?"

"Kwa nini?"

"Si anajua! Sasa atauliza nini? Halafu hapa njiwa analia nyuma ya tangi. Kifaranga anamwona. Kwa hiyo anamwambia, 'Mama amefikisha elfu moja.' Ili njiwa asilie. Na hapa mwisho anapanda juu ya paa anakaa, anajifanya anangoja."

"Anajifanya?"

"Njiwa akimwona amekaa anangoja, anafurahi. Anadhani hajui."

Katika kitabu kilichokunjwa haikuwa hivyo hata kidogo. Humo kifaranga hukaa juu ya paa mwanzoni, akingoja kweli. Habari huipata baadaye kwa bata mzinga, na ule usemi wa elfu moja anautoa kwa hasira, kumsuta njiwa. Ni karatasi ile ile na maneno yale yale. Taratibu alijikuta anapanga kurasa kichwani upya, mara hivi, mara vile, na kila mara kifaranga alikuwa mtoto mwingine.

"Nani alikuhadithia hivyo?"

"Iko hapo hapo," alisema Kijino, akachukua kalamu ya rangi, akaanza kumpaka njiwa viatu.

Akili ya Taratibu ikaanza kurudi nyuma, siku moja moja. Mara ya mwisho mtoto huyu kuuliza habari za lori ilikuwa lini? Alizoea kuuliza kila jioni: amefika wapi, kuna milima, anakula nini. Kisha akaacha. Taratibu alidhani amezoea, akashukuru. Na wiki ile Taratibu alipokuwa anaumwa, amelala kauelekea ukuta, si Kijino aliyekuja akamgusa bega akasema, "Mama saa hizi atakuwa mbali sana, Mamdogo, wewe lala tu"? Alidhani ni maneno ya kitoto.

Au labda alikuwa anasema habari za kuku tu, na kuku ni kuku. Utajuaje? Ukimuuliza mtoto, "Je, unajua mama yako yuko wapi," umeshamwambia.

Kesho yake, Jumanne, alipotoka kazini hakuingia mlango wa tano. Alipanda ngazi.

Mwalimu wa Juu alikuwa ameketi na mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi, mafua yamemshika, leso iko begani kama ya mtu wa mieleka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kama umetumwa na yule wa chini kuhusu shingo, mwambie asubiri nipone."

"Nimekuja mwenyewe. Mimi ndiye nakunja kitabu chako."

"Kuna kosa?"

"Hakuna. Nilitaka kuuliza." Aliyatafuta maneno akakosa mazuri, akatoa yaliyokuwapo. "Njiwa ni mimi?"

Mwalimu alipenga kamasi. "Mkunjaji anasoma?"

"Nasoma kila ninachokunja."

"Haya, kaa. Hapana, kwenye kitanda, kile kiti kimevunjika. Njiwa ni baba yangu."

Akasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Alipokuwa na miaka minane mama yake alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na baba akamwambia amekwenda kujifunza kushona. Miaka miwili mtoto akangoja gauni.

"Na bata mzinga?"

"Shingo ni ya Mama Pacha, hiyo nakiri. Nilihitaji shingo. Lakini huo mdomo ni wangu. Nilimwambia mtoto wa darasani kwangu jambo la kwao nikidhani analijua. Kumbe halijui. Uso wake ninao mpaka leo."

"Kwa nini usiandike tu baba, Mwalimu? Kwa nini ndege?"

"Unadhani sikujaribu? Niliandika 'baba' mara tatu. Kila nikifika pale anaposema uongo, naanza kumtetea. Alikuwa amechoka, alikuwa peke yake, watu walikuwa wanasema. Kurasa nzima za utetezi. Nilipomfanya njiwa nikamwacha aseme uongo wake hadi mwisho." Akahamisha mguu, maji yakamwagika. "Na mtoto anayesoma, kama hayamhusu, ni hadithi ya ndege, anacheka anakwenda kucheza. Kama yanamhusu, ana mahali pa kujificha humo ndani. Anaweza kuuliza habari za kifaranga bila mtu kumkodolea macho."

Taratibu akaufikiria uso wa Kijino akimpaka njiwa viatu.

"Anauliza habari za kifaranga ili umjibu habari zake?"

"Wengine. Wengine wanauliza kwa sababu wanataka kujua kuku anatagaje. Miaka thelathini darasani na bado siwezi kukuambia yupi ni yupi."

Hapo Taratibu akamweleza habari za karatasi ya majaribio, mpangilio wa nne na kumi na tatu na kumi na sita, na kile Kijino alichokisoma. Mwanzo Mwalimu alikunja uso. "Amenivurugia." Kisha akaomba kijidaftari chake pale dirishani, akaandika namba zile nane kwa kushuka chini, na mbele ya kila namba maneno mawili matatu. Akasoma. Mguu akautoa majini bila kuufuta.

"'Ili njiwa asilie,'" alisema. "Alisema hivyo?"

"Kwa maneno hayo."

"Mimi mbona sikuwahi kumwonea baba yangu huruma hata siku moja?" Hakuwa anamuuliza mtu. Kisha akamtazama Taratibu kwa jicho kavu. "Unataka nivizuie Ijumaa visiende."

"Nilikuja na hilo, ndiyo."

"Siwezi, na ningeweza nisingefanya. Lakini ukikunja kimoja kesho, hakuna sheria inayosema wa kwanza kumsomea awe mwalimu wa darasa."

Jumatano Taratibu alikunja nakala moja kabla ya zamu, taratibu kuliko kawaida yake, akaipeleka kwa Bwana Pini, naye akaibana pini mbili. "Ya nani?" "Ya nyumbani." Akamkabidhi.

Alipofika nyumbani alimkuta Kijino anafua soksi zake kwenye beseni. Jua la alasiri lilikuwa bado limeingia hadi katikati ya chumba. Akamfuta mikono, akamkalisha kitandani, akafungua ukurasa wa kwanza. Alisoma zote kumi na sita kwa mpangilio wake, hakuruka kikao cha ndege, hakuruka mayai. Pale kuku anapoongeza mbio alikohoa, akaendelea.

Kijino alisikiliza ametulia mno. Kwa bata mzinga alicheka, "Mama Pacha huyo!" Lakini ilipofika pale kifaranga anapomsuta njiwa, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hapa wamekosea."

"Wamekosea nini?"

"Kifaranga hasemi kwa ukali. Yeye hamkasirikii."

"Hapa imeandikwa amekasirika, kwa sababu njiwa alimdanganya."

"Lakini njiwa alikuwa anaogopa." Kijino alisema hivyo akiangalia dirishani. "Njiwa akiogopa anaosha vyombo ambavyo ni visafi."

Kitabuni hapakuwa na vyombo. Taratibu aliangalia kule kwenye kona ya jiko, sufuria tatu zimepangwa zinang'aa.

"Kijino. Kifaranga alijua tangu lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Akiwa bado ana meno yake yote."

Vifaranga hawana meno. Nje ndoo iligonga sakafu ya bomba, na Mama Pacha akawakemea pacha wake kwa sauti iliyofika kila mlango. Taratibu alimaliza kurasa zilizobaki kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kuzimaliza: kifaranga kwenye waya, bawa jekundu, mama na mwana wakihesabu mawingu, mmoja ndani mmoja nje. Akafunga kitabu.

Kijino akakichukua kutoka mapajani mwa Taratibu. Akakifungua tena ukurasa wa kwanza, akaulaza vizuri kwa kiganja, akakirudisha mikononi mwa mama yake mdogo, akasogea mpaka bega likagusana na bega.

"Nisomee tena, Mamdogo," alisema. "Ila safari hii usiseme kuku, sema mama. Usiseme njiwa, sema wewe. Na ukifika pale kwenye waya, usiseme tundu. Sema ni wapi, na tunakwenda lini."